Mpiga Picha wa Harusi: Tunayoyadhani na Yalivyo

Karibu kila kikundi tunachokitembelea, kuanzia Likoni na Kisauni mpaka vijiji vya Kwale na Kilifi, kina mfuko wa harusi. Mwanachama akioa au akioza, kila mtu hutoa mchango wake, kisha kamati hukaa kugawa pesa: chakula, hema, viti, gari. Chakula hujadiliwa mpaka usiku. Mpiga picha hupewa dakika tano za mwisho, watu wameshainuka wanatafuta viatu. Na hapo ndipo huanzia ugomvi mwingi tunaoletewa baadaye. Pesa zimetoka, harusi imepita, picha hazipo. Au mbaya zaidi, picha zipo mahali ambapo hazikutakiwa kuwepo.

Wengi hudhani kwamba mwenye kamera kubwa ndiye fundi. Mpwa wa mwenyekiti ana kamera, basi yatosha. Lakini harusi haina marudio. Kanisani mna giza na padre ana masharti yake ya mahali pa kusimama wakati wa ibada. Asiyeyauliza mapema ataambiwa arudi nyuma mbele ya watu. Mji wa Kale nao una yake. Vichochoro ni vyembamba, nyumba ni ndefu, na jua la saa sita huufanya uso nusu uwe mweupe nusu uwe mweusi. Anayezijua njia zile atawaambia mtoke baada ya alasiri. Wengine huwapeleka maharusi Fort Jesus bila kuuliza. Ngome ile, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Nendeni ofisini siku kadhaa kabla mkaulize masharti na malipo ya kupiga picha za harusi, msije mkasimama mlangoni na bibi harusi kwenye jua.

Njia nzuri ya kumpima mpiga picha ni hii: msikubali kuoneshwa picha kumi nzuri za kwenye simu yake. Kila mtu ana picha kumi nzuri. Mwombeni awaoneshe harusi moja nzima, tangu asubuhi mpaka keki, ikiwa wenyewe wamemruhusu.

Dhana nyingine ni kwamba siku hizi hakuna filamu, kwa hivyo hakuna gharama. Ni kweli kwamba zamani roli moja ilitoa picha 36, na mpiga picha alihesabu kila anapobonyeza. Tunaokumbuka miaka ya 1990 tunakumbuka pia wapiga picha wa pale feri ya Likoni na mapazia yao ya kuchorwa: unasimama, unapigwa, unalipa, unarudi kuchukua yako. Biashara ilikuwa fupi na ya uso kwa uso. Leo mtu anarudi na picha elfu moja au zaidi. Kuzichagua, kuzisahihisha mwanga na kutengeneza albamu ni kazi ya siku nyingi, na vidio ndiyo zaidi. Kikundi kinachodai picha zote Jumatatu baada ya harusi ya Jumamosi kinajitafutia kazi mbovu. Lakini pia msiachiwe neno "hivi karibuni". Tajeni tarehe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tungependa lisomwe kwa sauti kikundini. Katika Mji wa Kale, na kwa Waislamu wengi wa pwani, usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Bibi harusi hukaa juu amepambwa, na wageni nao wameacha buibui mlangoni. Ili kuilinda heshima hiyo, familia hutafuta mpiga picha mwanamke, halafu hutulia, wakidhani siri imehifadhika.

La, haijahifadhika bado. Mwanamke amepiga, sawa. Je, ni nani atakayekaa kwenye kompyuta kuzisafisha zile picha? Mara nyingi ni kaka yake, mumewe, au kijana wa dukani. Albamu itachapishwa wapi, na nani atakayeifunga? Kadi ya kamera itakaa kwa nani mwaka mzima? Hata zama za filamu ilikuwa hivyo hivyo, kwani roli ilikwenda kusafishwa na mafundi ambao bibi harusi hakuwajua. Tofauti ni kwamba sasa picha moja yaweza kufika Dubai na Muscat kabla ya wageni hawajafika nyumbani. Tumekaa na kina mama waliokosana na waume zao kwa picha ya namna hiyo, na hawakuwa na kosa lolote ila kuhudhuria harusi ya jirani. Wala msidhani ni shida ya Waislamu tu. Mkristo naye hapendi kujikuta kwenye tangazo la mtu.

Simu za wageni ni mlango mwingine. Wako wanaozikusanya mlangoni kwa namba, na sisi tunaona ni vizuri, ingawa shangazi fulani lazima atanuna.

Wengi hudhani pia kwamba picha ni mali ya aliyezipiga, afanye atakalo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema mtu akiagiza kazi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake aliyeagiza, isipokuwa wamepatana vingine. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa, maana baadhi ya karatasi za wapiga picha huirudisha haki hiyo kwao. Someni kabla ya kutia sahihi. Juu ya hayo iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo chini yake hata sura ya mtu ni habari yake binafsi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kwa hivyo mpiga picha anayetaka kuweka harusi yenu kwenye ukurasa wake wa biashara na aombe.

"Lakini yule ni mtu wetu, tukiandikiana ataona hatumwamini." Haya tunayasikia sana. Mbona daftari la merigoraundi linaandikwa, na wote ni ndugu? Karatasi moja yatosha: siku na saa, ni nani hasa atakayekuja (wengine hupokea pesa wakatuma mwanafunzi), idadi ya picha na albamu, tarehe ya kukabidhi, ni nani atakayezigusa picha za usiku wa wanawake, na kama zitafutwa baada ya kukabidhiwa. Andikeni na habari ya arbuni harusi ikiahirishwa. Kina mama hudhani arbuni hurudi tu. Huenda mpiga picha alishakataa kazi nyingine kwa ajili yenu. Patanieni mapema irudi kiasi gani.

Mlipe kwa M-Pesa, ujumbe msiufute. Mkidhulumiwa, Mombasa ina Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi 1,000,000. Unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria imeweka siku 60 za kumaliza kesi. Lakini utaulizwa karatasi.

Mweka hazina asitoe salio mpaka bibi harusi mwenyewe amefungua albamu akahesabu, na picha zimenakiliwa mahali pawili. Flashi moja kwenye kabati la mama mkwe si hifadhi.