Kuongeza Mwendo wa Kadi ya Picha

Siku hizi neno "ovakloki" linasikika sana mabwenini, lakini si wengi wanaojua maana yake. Maana yake ni kuifanya kompyuta ipige kazi upesi kuliko kiwanda kilivyoipangia. Nimeona yafaa nilieleze jambo hili, maana laweza kumfaidia mtu, na laweza pia kumharibia mali yake.

Kwanza tujue kadi ya picha ni kitu gani. Ubongo mkuu wa kompyuta una watenda kazi wachache wenye nguvu. Kadi ya picha ina watenda kazi wadogo wengi mno, wanaochora kila nukta ya picha kwa pamoja. Kadi ya laptopu iitwayo GeForce RTX 3060, iliyotolewa mwaka 2021 na kampuni ya NVIDIA ya Marekani, inao 3,840. Wote hufuata mapigo ya saa moja. Mapigo hayo huhesabiwa kwa megahetzi, na megahetzi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Kadi za siku hizi hupita megahetzi 1,000.

Sisi wa njia ya misafara hatupati taabu kulielewa jambo hili. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walipotoka Tabora kwenda Ujiji, kirangozi alitangulia, na ngoma ikapigwa ili watu waende pamoja. Basi ngoma ndiyo saa ya kadi, wapagazi ni wale watenda kazi wadogo, na posho yao ni umeme, ambao msukumo wake hupimwa kwa volti. Kuovakloki ni kuharakisha ngoma. Ukizidisha kidogo, msafara utafika mapema. Ukizidisha mno, wa nyuma watadondosha mizigo: vidoadoa vitatokea kwenye kioo, au kompyuta itazimika ghafula.

Mtu atauliza, kwa nini kiwanda hakikuweka mwendo wa juu tangu mwanzo? Jibu ni kwamba chipu hazilingani, hata zikitoka kiwanda kimoja. Mwenye kiwanda huchagua mwendo ambao zote za aina hiyo zitauweza, hata mahali penye joto. Kwa hiyo nyingine hubaki na akiba ya nguvu. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa ubongo wa kompyuta ulioitwa Celeron 300A, wa megahetzi 300. Wengi walioujaribu waliupeleka hadi 450, nao ukafanya kazi vizuri. Habari hiyo ndiyo iliyowatia watu wengi tamaa.

Lakini kila faida ina gharama yake, na gharama hapa ni joto. Joto la chipu huongezeka kwa kadiri ya mapigo, tena kwa kadiri ya volti zikizidishwa kwa zenyewe. Tufanye hesabu. Ukiongeza mapigo kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 5, utapata 1.10 × 1.05 × 1.05, yaani karibu 1.21. Mwendo umezidi kwa asilimia 10, na joto kwa asilimia 21.

Tena laptopu ni nyembamba. Feni zake ni ndogo, na mara nyingi kadi ya picha na ubongo mkuu hutumia mabomba yale yale ya kutolea joto. Tuseme kadi ikifanya kazi huzidi joto la hewa kwa digrii 50. Katika chumba chenye digrii 20 itafika 70. Hapa Usinge mwezi wa Oktoba, mchana wenye digrii 33, itafika 83, kabla hujaongeza kitu! Kadi nyingi zikikaribia digrii 90 hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Basi aliyeongeza mwendo hujikuta anakwenda polepole. Wapagazi wa zamani walijua siri hii: walishika njia alfajiri, wakapiga kambi kabla ya jua kali.

Kaka yangu ana laptopu ya namna hii, aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, kwa fedha ya misimu miwili ya tumbaku. Huitumia kutengeneza video za arusi, na ndiyo inayomlipia mdogo wetu vitabu. Aliniuliza kama aiongezee mwendo. Nilimwonyesha hesabu hii, naye akachagua njia nyingine: kupunguza volti bila kugusa mapigo. Ukishusha kutoka volti 1.0 hadi 0.9, joto hubaki 0.81 ya lile la kwanza, yaani hupungua kwa asilimia 19. Pamoja na hayo alitoa vumbi ndani ya feni, akainua laptopu juu ya vibao viwili ili hewa ipite chini. Sasa haipunguzi mwendo katikati ya kazi kama zamani.

Anayetaka kujaribu kuongeza mwendo, na ashike kanuni hizi. Asome kwanza masharti ya dhamana. Ahifadhi kazi zake mahali pengine. Aongeze megahetzi 15 au 20 tu kila mara, kisha aitumikishe kadi kwa nusu saa huku akitazama kipimo cha joto. Vidoadoa vikitokea, arudi nyuma mara moja. Anayepunguza volti naye aende hatua kwa hatua, kwani zikipungua mno kompyuta huzimika vile vile.

Na faida yenyewe tuipime. Mchezo unaoonyesha picha 50 kwa sekunde, ukiongezewa asilimia 6 kamili, utaonyesha 53. Jicho litaona tofauti gani? Wanafunzi wenzangu, tujifunze kupima kabla ya kuharakisha, hasa kitu kilichonunuliwa kwa jasho la wazazi. Haraka haraka haina baraka.