Kupima Zebaki Mwilini: Habari za Uriri na Majirani Zake

Mtu atokaye Rongo akaishika barabara kuu ya lami kuelekea mji wa Migori, akiisha kuupita Awendo na harufu ya sukari yake, huingia Uriri, nchi ya miwa, mahindi na tumbaku. Naye akizidi kwenda hata Migori, kisha akageukia magharibi upande wa Nyatike, atayafikia machimbo ya dhahabu ya Macalder, ambayo zama za ukoloni yalichimbwa kwa mitambo na ambayo leo wenyeji huyachimba kwa sururu, kamba na nguvu za mikono yao. Katika nchi iliyokusanya dhahabu, tumbaku na dawa za kuulia wadudu mahali pamoja, ni haki ya mkazi wake kuuliza kama mwili waweza kupimwa ukajulikana umeingiliwa na sumu gani.

Swali hilo lina jawabu, ila si jawabu la kupendeza. Hakuna kipimo kimoja kinachofichua sumu zote, kwani kila sumu ina njia yake ya kuingia, kiungo inachokipendelea kwa makazi, na muda wake wa kutoka; na kwa hiyo yule apimaye hana budi kujua, kabla hajatoa chupa yake, anatafuta sumu gani, aitafute katika damu, mkojo ama nywele, na mtu aliye mbele yake aliigusa lini mara ya mwisho. Tabibu asiyemuuliza mgonjwa kazi yake, chakula chake na vitu anavyojipaka hupeleka maabara swali lisilo na kichwa, akarudishiwa jawabu lisilo na miguu.

Tuitazame zebaki, maana ndiyo iliyoenea machimboni. Mawe yakisha kusagwa na mchanga wake kuoshwa, unga mzito uliosalia hutiwa karaini pamoja na maji na zebaki kidogo, ukasuguliwa kwa viganja vitupu mpaka zebaki izikamate chembe za dhahabu. Kisha hukamuliwa katika kitambaa, zebaki ya ziada ikachuruzika, kikabaki kidonge laini cha rangi ya fedha. Kidonge hicho huwekwa juu ya makaa, pengine uani, pengine jikoni kwenyewe watoto wakitazama, nacho hugeuka taratibu kikawa cha manjano. Kilichoondoka ni mvuke usioonekana wala kunuka, na takriban asilimia 80 ya ule uvutwao kwa pumzi husalia mwilini, ukapita mapafuni kuingia damuni, na kutoka damuni ukafika kwenye ubongo na figo. Wachimbaji wengi huihofia zebaki kwa sababu ya ngozi ya mikono, ilhali mlango wake mkubwa ni pua.

Zebaki iliyoingia hivyo hupimwa hasa katika mkojo, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa, na nusu ya akiba yake huondoka kwa muda wa kama miezi miwili. Wataalamu wa Ujerumani, ambao viwango vyao vimetumiwa sana katika uchunguzi wa wachimbaji, huhesabu kwamba mkojo wenye chini ya mikrogramu 7 kwa lita hauna la kutisha, na wenye zaidi ya 25 wataka hatua za haraka. Walakini zebaki ile ile ikioshwa na mvua mpaka mto Kuja, ikafika Ziwa Viktoria, vijidudu vya matope huigeuza ikawa ya namna nyingine, ambayo hupanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa na kutoka samaki hadi mlaji. Hiyo mkojo hauionyeshi ipasavyo. Hutafutwa katika damu au nywele. Kishungi hukatwa kisogoni karibu kabisa na ngozi, upande wa shina ukatiwa alama, na maadamu nywele hurefuka kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, mpimaji aweza kusoma mwezi baada ya mwezi.

Hata hivyo nywele nazo hudanganya. Daktari Masazumi Harada wa Kumamoto, aliyetumia umri wake kuwachunguza wagonjwa wa Minamata, mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliwalemaza walaji wa samaki na ugonjwa wao ukatambuliwa mwaka 1956, alikuja na wenzake kandokando ya ziwa letu wakapima nywele za wachimbaji, wavuvi na watu wa mjini upande wa Tanzania, na baadaye za wakazi wa upande wa Kenya. Miongoni mwa waliokutwa na kiasi kikubwa mno walikuwamo watu wasio na shughuli yoyote na dhahabu. Zebaki ya namna ya samaki ilikuwa kidogo katika nywele zile. Iliyojaa ni ile isiyo ya samaki, na watu walipoulizwa habari za nyumbani ikadhihirika kwamba imetoka katika sabuni za kung'arisha ngozi. Maandishi yao yalichapishwa mwaka 1999 na 2001. Na jambo hilo halikuwa geni Kenya, kwani mwaka 1972 matabibu wa Nairobi walikwisha kuandika habari za wagonjwa 60 wa figo, ambao zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka krimu zenye zebaki. Na baadhi yao walipoacha, figo zilipata nafuu. Kama nywele zingalipimwa bila masuali, wavuvi wangalilaumiwa kwa samaki wao.

Mkulima wa Uriri anyunyiziaye tumbaku dawa ana hesabu nyingine. Nyingi katika dawa kali za wadudu hudhoofisha kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, nacho hupimwa katika damu. Lakini watu hutofautiana kwa asili, hata aliyeathirika aweza kuonekana mzima akilinganishwa na jirani yake. Ndiyo maana damu ya kwanza yapasa kutolewa kabla ya msimu wa kunyunyiza, ili ya pili ilinganishwe na ya mtu yule yule. Ama madini ya risasi hutafutwa katika damu, kama walivyopimwa watoto wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri.

Siku hizi sokoni hutokea watu wenye kimashine cha kushikwa mkononi, wakidai kwamba kwa dakika chache kitaorodhesha sumu zote za mwili, kisha wakauza dawa ya kuziondoa. Chuma kile hakipimi zebaki wala risasi. Kuna pia hila iliyovaa koti jeupe: mtu hunyweshwa dawa ivutayo madini kutoka mwilini, ndipo mkojo wake hupimwa na kulinganishwa na viwango vya watu wasioinywa, hata kila mmoja akaonekana ameathirika. Dawa hiyo ina mahali pake kwa aliyedhurika kweli, chini ya uangalizi wa hospitali. Kwa mchimbaji ambaye mkojo wake umezidi kiasi, tiba ya kwanza ni kuhamisha moto mbali na nyumba, au kukichoma kidonge ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kuurudisha mvuke kuwa zebaki. Kisha apimwe tena baada ya miezi miwili, na hesabu ikikataa kushuka, aulizwe upya anapumua nini na anajipaka nini.