Fahamu: Dalali wa dhahabu anakula wapi?

Mchimbaji wa Didia, Tanzania, mwenye gramu 10 za dhahabu huambiwa na dalali wa duarani, yaani machimboni, "Mimi sikati kitu." Soko la madini linakata waziwazi: sheria za 2017 ziliweka mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Ila dalali hukadiria usafi kwa macho. Akisema asilimia 80 wakati usafi ni asilimia 90, gramu nzima ya dhahabu safi imepotea, zaidi ya asilimia 11 ya mali yako. Hiyo si ada? Sokoni, kama Geita tangu Machi 2019, mashine ndiyo inayosoma usafi. Tena kuuza nje ya soko au kituo rasmi cha ununuzi ni kosa. Kabla ya kupokea pesa, uliza usafi umepimwaje.