Mabubu waliokuwa wakilinda simu zetu

Wewe unayevuka Rusumo na fedha zako ndani ya simu, unatembea na mlinzi usiyemjua. Simu za Android huendeshwa na Linux, na kiini chake, yaani kerneli, kina safu ya ulinzi iitwayo LSM, iliyomo tangu toleo la 2.6 la Desemba 2003. Programu ikiomba kufungua faili, kerneli huiuliza kwanza safu hiyo: huyu apite?

Kwa miaka mingi vituo vyote vya ukaguzi vilikuwa katika jedwali moja, chini ya moduli moja kuu, mathalani SELinux iliyobuniwa na NSA ya Marekani. Kituo ambacho moduli haikukihitaji hakikuachwa wazi. Kiliwekewa bubu, kijiprogramu ambacho kazi yake aghalabu ni kujibu "pita" bila kutazama. Mabubu hao walijazana katika faili moja, capability.c, lenye mistari zaidi ya elfu moja, na kila kituo kipya kilipoongezwa, bubu wake naye aliandikwa. (Waliovuka daraja letu kabla ya kituo cha pamoja kuzinduliwa Aprili 2016 wanaijua mihuri ya namna hiyo.)

Mwaka 2015 Casey Schaufler, mtunzi wa moduli ya Smack, aliliondoa jedwali akaweka orodha. Moduli hujiandikisha pale tu inapotaka kukagua. Pasipo na mtu, kerneli huendelea na safari. Faili la mabubu likafutwa katika toleo la 4.2, Agosti mwaka huo.

Kazi hiyo ilitaka macho. Faili jirani, commoncap.c, lina jina la kufanana, lakini ndilo huamua nani ana mamlaka ya mkuu wa mfumo. Mwenye kufuta kwa kutazama majina angeng'oa mlango akidhani anafagia uwanja.

Wanafunzi wangu huuliza: bubu asiyedhuru anafukuziwa nini? Sisi tuliosomea ukimbizini Karagwe, kitabu kimoja watu wengi, tulijifunza kusoma kila mstari. Mkaguzi wa ulinzi naye husoma hivyo, na mistari elfu isiyosema kitu humchosha kabla hajafika penye kosa.

Usafi uliendelea. Mwaka 2023, toleo la 6.4 liliondoa njia ya kuizima SELinux mfumo ukiwa umeshawaka. Hivyo orodha ya walinzi ikaweza kufungwa isiandikwe tena.

Ukitaka kuijua kerneli yako, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha toleo la Android. Ikisomeka chini ya 4.2, kwa kawaida mabubu bado wamo.