Mtoto Katika Nyumba ya Mzazi Mlevi

Mtoto anayeishi na mzazi mlevi hujifunza mapema kusikiliza. Mlio wa geti, uzito wa hatua uani na jina la kwanza kuitwa humwambia jioni itakuwaje. Kabla mlango haujafunguliwa ameshaamua kama atajifanya amelala, atampeleka mdogo wake chumba cha nyuma, au atakwenda kumvua baba viatu na kumtengea chakula kabla hasira hazijapanda. Mwili unaokaa chonjo namna hiyo usiku baada ya usiku huchoka. Ndiyo maana mtoto huyo husinzia darasani, hushtuka kwa kelele ndogo, au hulalamikia maumivu ya tumbo na kichwa ambayo vipimo vya zahanati havionyeshi chanzo chake.

Si kila mtoto wa nyumba hizi huonekana ana shida. Wapo wanaopika, wanaoogesha wadogo zao, wanaoongoza darasani, na watu wazima huwasifu kwa ukomavu. Hao ndio rahisi kusahaulika, kwa sababu hawamsumbui mtu. Mtoto wa mama mlevi hujificha zaidi, maana jamii humhukumu mama anayelewa kwa ukali kuliko inavyomhukumu baba.

Mwaka 1981 mtaalamu wa Marekani, Claudia Black, alieleza kanuni tatu ambazo familia hizi hufuata bila kuzitamka: usiseme, usimwamini mtu, usionyeshe unavyojisikia. Kanuni hizo zinafahamika vizuri pia Afrika Mashariki, ambako siri ya nyumba hulindwa kwa nguvu zote. Wageni huambiwa baba ana malaria, wakati mtoto amemwona akianguka mlangoni akinuka gongo. Anapoambiwa kitu kingine tofauti na alichokiona, huanza kutilia shaka macho yake mwenyewe, na maswali hubaki moyoni. Majibu anayojipa ni mabaya kuliko ukweli: kwamba baba hunywa kwa sababu ada ya shule ni kubwa, au kwa sababu yeye alipata alama mbovu. Mzazi akiwa amelewa mara nyingi humthibitishia hivyo kwa mdomo wake.

Kwa hiyo msaada wa kwanza ni maneno ya kweli, yanayosemwa na mtu mzima asiyelewa, wakati nyumba imetulia. Mtoto mdogo anatosheka kuambiwa kwamba baba ana ugonjwa wa pombe, kwamba hakuusababisha yeye, hawezi kuuzuia wala kuuponya. Aambiwe pia kwamba anaruhusiwa kumpenda baba na papo hapo kuchukia anayoyafanya. Kijana aelezwe zaidi: urithi wa kibaiolojia unachangia takriban nusu ya hatari ya mtu kuwa mraibu wa pombe, hivyo kwake majaribio ya mapema na marafiki ni hatari kuliko kwa wenzake. Hiyo ni tahadhari tu. Watoto wengi wa walevi hawawi walevi.

Ipo desturi inayopaswa kukoma mara moja: kumtuma mtoto kilabuni akamtoe baba kabla pesa hazijaisha. Humweka katikati ya walevi, na humkabidhi kazi isiyomstahili. Baba akikataa kuondoka, mtoto hurudi akiamini kwamba ameshindwa yeye. Kumwaga pombe, kuficha chupa na kuhesabu fedha za mlevi navyo si kazi zake.

Mzazi asiyekunywa ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani. Watafiti Steven Wolin na Linda Bennett, wakichunguza familia za Marekani, waligundua kwamba ulevi ulirithiwa kwa nadra zaidi na watoto ambao chakula cha jioni na sikukuu zao hazikuvurugwa na unywaji. Kwa vitendo, ugali uliwe saa ileile, baba awepo asiwepo. Kazi za shule zifanywe, Idi au Krismasi isherehekewe, na safari ya kwa bibi isiahirishwe kwa sababu mtu mmoja ameamka na uchovu wa pombe.

Mzazi huyo akielemewa, mtu mwingine anaweza kuziba pengo. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake walifuatilia kwa miongo kadhaa watoto waliozaliwa mwaka 1955. Kati ya waliokulia katika mazingira magumu, ukiwemo ulevi wa wazazi, takriban theluthi moja walikua vizuri, na kitu kimojawapo kilichowatofautisha ni kuwa na mtu mzima wa kumtegemea, hata kama si mzazi. Shangazi, mwalimu wa madrasa au jirani anayemkaribisha mtoto kufanya hesabu mezani kwake anafanya kazi hiyo.

Mzazi akiamua kuacha, aanzie hospitali. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatisha ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege na hata kufa, na mtoto asiachiwe kumuuguza. Hata baada ya hapo imani ya mtoto hurudi polepole, na haifai kumlazimisha asahau.

Palipo na kipigo, njaa au ukatili wa kingono, subira haina nafasi. Mtoto ajue mapema nyumba ya kukimbilia, na asipande gari wala pikipiki inayoendeshwa na aliyelewa. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi nao hupokea taarifa hizo. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116 Tanzania, Kenya na Uganda, haina malipo, na anayepiga anaweza kuwa jirani, mwalimu au mtoto mwenyewe.