Nani Afungue Daftari la Wakala?

Nafanya uwakala wa pesa za simu Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo. Daftari langu lina jina la mteja, namba yake, kiasi, saa na sahihi. Kampuni ya simu ina kubwa zaidi: inajua mnara uliopokea simu yako, na tangu usajili wa alama za vidole uanze 2019, laini yako imeunganishwa na namba yako ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Ukipanda kivuko cha Magogoni kwa kadi ya N-Card, mashine nayo hutunza saa. Mwenye kuziunganisha kumbukumbu hizi anajua unalala wapi na unamlisha nani.

Polisi wanazihitaji, sikatai. Matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” wamewaliza wateja wangu, na hukamatwa kwa kumbukumbu hizohizo. Tatizo ni nani anaruhusu. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru taarifa zitolewe. Mahakama huombwa pale amri hiyo inaposhindikana. Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Alikamatwa Desemba 2016, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi.

Kinachonitisha zaidi ni kompyuta kuanza kubashiri mhalifu. Polisi wa Chicago walikuwa na orodha iliyowapa watu alama kwa kukisia nani atapiga risasi au kupigwa, wakaiacha. Los Angeles nao waliachana na programu yao ya kubashiri uhalifu, PredPol, mwaka 2020. Mashine hizo hujifunza kwa rekodi za polisi wenyewe. Hapa kwetu, machinga wa Msimbazi hukamatwa kwa kupanga bidhaa barabarani. Mtu wa Masaki anauza ndani ya geti lake. Ilishe mashine rekodi hizo, itakwambia uhalifu uko Msimbazi. Askari wataongezwa huko, watakamata zaidi, na mashine itajiona imepatia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imetupa Tume ya kulalamikia, hatua ninayoiheshimu, lakini usalama wa taifa na upelelezi wa makosa vimewekewa msamaha. Nataka saini ya hakimu itangulie, kila mara, kabla kumbukumbu za mama ntilie mteja wangu hazijafunguliwa. Kutoka Kariakoo hadi Kisutu si mbali.