Milango ya Beit el Ajaib: sisi wa Kanda ya Ziwa nayo inatuhusu

Wadau, huku Chato jengo la serikali likizinduliwa tunabandika kibao chenye jina la mgeni rasmi, basi. Sultani Barghash wa Zanzibar alifanya kivingine. Alipojenga Beit el Ajaib mwaka 1883, jumba la sherehe za utawala wake, ujumbe aliuweka kwenye milango: aya za Kurani zimechongwa kwenye mbao na kupakwa dhahabu.

Kazi yenyewe iko hivi. Fundi anachora kwanza juu ya ubao, halafu kwa patasi anaondoa mbao inayozunguka mchoro, herufi au ua linabaki limetokeza. Akikosea hakuna kufuta. Mwanga ukipiga kwa pembeni kivuli kinaingia kwenye mashimo na maandishi yanasomeka hata ukiwa mbali kidogo. Kwenye milango mingine ya Mji Mkongwe utaona pia njumu za shaba zilizochongoka. Inasemekana asili yake ni India, kuzuia tembo wa vita wasivunje mlango. Zanzibar zilikuwa pambo tu, maana kule tembo alifika akiwa pembe!

Na hapo ndipo tunapoingia sisi. Pembe hizo zilitoka bara, zikabebwa mabegani na wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma wengi tu, hadi pwani. Ushuru wa pembe na karafuu ndio uliojaza hazina ya Sultani. Kwa hiyo mtu asiniambie milango ile ni urithi wa Waunguja peke yao.

Jumba lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, iliyobomoa kasri la jirani. Waingereza wakaja kuligeuza ofisi za serikali, na baadaye likawa makumbusho. Kilicholiangusha ni uchakavu: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka ukarabati ukiendelea, kwa ufadhili wa Oman, na watu wawili wakafa.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unaweza kujengwa upya, mafundi wapo. Mlango wa kuchonga ni habari nyingine. Ukipasuka unaweza kuchonga nakala, lakini mkono wa fundi wa 1883 umeshapotea. Ndiyo maana kwangu swali la kwanza kuhusu ukarabati ule si lini utaisha. Kila ubao uliochongwa umehifadhiwa wapi, na umepigwa picha na kuandikishwa kabla fundi hajaugusa?